Maji ya Kunywa, Unene na Afya ya Mwili



Siku hizi katika parokia zetu za Kolwezi watu wengi wanauliza swali moja: je, ni kweli kwamba kunywa maji mengi kunapunguza unene wa mwili? Mama mmoja ameambiwa na jirani yake anywe lita nne kila siku. Kijana ameona katika simu yake mtu asemaye kwamba maji ya moto yenye ndimu yanayeyusha mafuta ya tumbo. Kisha wanakuja kwetu. Kwa nini kwetu? Kwa sababu mtu wa mtaa au wa kijiji humwuliza kwanza katekista wake, halafu padri wake. Munganga humwuliza mwisho, wakati franka zimepatikana au ugonjwa umezidi. Basi imetupasa kulifahamu vema jambo hili, tusije tukawapoteza watu kwa jibu jepesi.

Mimi mwenyewe nilitoa jibu jepesi, na afadhali niwaelezeeni, ili mwenzangu asifanye vile.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na katekista mmoja, baba wa watoto sita, mtu mnene na mwenye bidii. Mwanzoni mwa Kwaresima aliniambia: «Padri, nimeacha pombe, sasa ninakunywa maji tu.» Nilifurahi sana. Kila siku alitembea na bidoni la lita tano, na jioni lilikuwa tupu. Mwili wake ukaanza kupungua, hata mkanda wake ukahitaji matundu mapya. Baada ya Paska, katika mkutano wa makatekista, nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikasema: «Papa Mwalimu huyu ametuonyesha njia.» Wote wakapiga makofi. Majuma mawili baadaye bibi yake alinigongea mlango usiku. Mume wake alikuwa anatapika, anapumua kwa nguvu, na akili zake zimepotea. Hospitalini wakapima damu yake: sukari ilikuwa karibu miligramu 500 katika desilita moja, na mtu mzima asiyekula tangu jana hapaswi kufika 126. Maji hayakumpunguza mwili. Ugonjwa wa sukari ndio uliokuwa unamla, na kiu ile tuliyoipigia makofi ilikuwa ishara yake.

Tangu siku ile nimejaribu kujifunza maji yanafanya nini mwilini na hayafanyi nini. Haya ndiyo niliyoyapata.

I. Kazi ya maji mwilini

Karibu sehemu 60 katika 100 za uzito wa mwanaume mzima ni maji. Mtu wa kilo 70 anabeba basi kama lita 40. Kwa mwanamke na kwa mtu mnene sehemu hiyo ni ndogo kidogo, kwa kuwa mafuta hayashiki maji mengi. Maji hayo ndiyo yanayobeba chakula katika damu, yanayopoza mwili kwa jasho, na yanayotoa uchafu kwa njia ya mkojo. Mafigo yetu huchuja karibu lita 180 kila siku, kisha hurudisha karibu zote katika damu. Lita moja na nusu hivi tu hutoka kama mkojo. Tunaona namna Muumba alivyoweka utaratibu: maji yale yale yanatumika tena na tena, na kinachopotea tu ndicho tunachopaswa kurudisha.

Turudishe kiasi gani? Wataalamu wa Ulaya waliandika mwaka 2010 kwamba inafaa mwanaume mzima apate lita mbili na nusu kwa siku, na mwanamke lita mbili. Lakini tuangalie vema: hesabu hiyo ni ya maji yote, hata yale yaliyomo katika chakula. Bukari, sombe, maharagwe na matunda vina maji mengi ndani yake. Kwa hiyo mtu anayefanya kazi nyepesi hahitaji kujilazimisha lita nne au tano. Yule anayesukuma kinga la makala kutoka porini, anayechimba madini katika jua la mwezi wa kumi, au mama anayenyonyesha, huyo atazidisha.

Kipimo kizuri kwa mtu mwenye afya ni kiu yake pamoja na rangi ya mkojo wake. Ukiwa mweupe au wa manjano kidogo, maji yanatosha. Ukiwa mzito kama chai, maji yamepungua. Kwetu Kolwezi, juu ya kilima hiki kinachopita metre 1.400, hatari iko pia katika miezi ya sita na ya saba: baridi ya asubuhi inaondoa kiu, lakini hewa ni kavu na vumbi ni jingi. Wazee na watoto wanasahau kunywa. Tuwakumbushe.

II. Je, maji yanapunguza unene?

Tujibu kwanza: maji hayayeyushi mafuta. Yawe ya moto, yawe ya baridi, yawe na ndimu au bila ndimu, hayana nguvu hiyo. Mafuta ya mwili hupungua wakati mtu anapokula nguvu ndogo kuliko ile anayotumia. Nguvu hiyo ya chakula tunaipima kwa kalori, kama vile tunavyopima njia kwa kilometa.

Lakini maji hayana kalori hata moja, na hapo ndipo msaada wake ulipo. Tufanye hesabu. Chupa kubwa ya pombe ya viwandani, yenye karibu robo tatu za lita, ina kalori kama 300. Ni sawa na gramu 80 hivi za unga wa mahindi. Mtu anayekunywa chupa mbili kila jioni anaongeza kalori 600 juu ya bukari yake. Kwa siku 30 ni kalori 18.000. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina karibu kalori 7.700. Hesabu ya karatasi haifuatwi na mwili sawasawa, lakini inatuonyesha tumbo kubwa linatoka wapi. Wapo wanaokumbuka sana shauri la Mtakatifu Paulo kwa Timoteo juu ya divai na tumbo lake, lakini wanasahau kwamba alisema kidogo.

Vinywaji vya sukari, tunavyoviita sukre, navyo ni hivyo hivyo. Chupa ya sentilita 33 ina kama gramu 35 za sukari, yaani vijiko saba au nane vya chai. Shirika la Afya la Ulimwengu liliandika mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isipite sehemu moja katika kumi ya chakula cha siku, maana yake kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ikiwa chini ya 25 ni vema zaidi. Chupa mbili zinavuka mpaka. Hata munkoyo wetu, ulio mzuri, si maji: ni chakula cha kunywa, kwa kuwa umetoka katika unga.

Basi anayeacha pombe na sukre akanywa maji mahali pake, huyo anaweza kupungua, kwa sababu ya kile alichokiacha.

Je, kunywa maji kabla ya kula kunasaidia? Ndiyo, kidogo. Mwaka 2010 wataalamu wa Virginia, huko Marekani, walichukua watu wazima 48, wa miaka 55 hadi 75, wote wakila chakula kilichopunguzwa. Nusu yao walikunywa nusu lita ya maji kabla ya kila chakula. Baada ya majuma 12 hao wa maji walikuwa wamepungua kilo mbili hivi kuliko wengine. Mwaka 2015 wenzao wa Birmingham, katika Uingereza, walijaribu vile vile kwa watu 84. Tofauti ikawa kilo moja na gramu 300. Tumbo lililopokea maji linashiba mapema. Msaada upo, lakini ni mdogo, na haufai kitu kama sahani imejazwa mara mbili.

Jambo jingine linadanganya watu. Mtu akitoka jasho jingi, au akikaa siku nzima bila kunywa, mizani itamwonyesha kilo moja chini. Asifurahi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ndiyo hiyo iliyotoka, na itarudi akinywa.

Na anayezidisha? Mafigo yenye afya yanaweza kutoa karibu lita moja tu kwa saa. Anayejimwagia lita nyingi kwa muda mfupi anaifanya chumvi ya damu kuwa nyepesi mno: kichwa kinauma, anatapika, anaweza kutetemeka mwili mzima na hata kufa. Tena wale wenye ugonjwa wa moyo au wa mafigo, ambao miguu yao imevimba, wasiongeze maji bila ruhusa ya munganga. Kwao shauri la lita nne ni sumu.

III. Kiu iliyo ugonjwa

Hapa ndipo nilipokosea, na hapa nawaomba msome polepole.

Mwili wetu unahitaji dawa yake ya ndani, iitwayo insulini, ili sukari ya damu iingie katika nyama za mwili na kuwapa nguvu. Katika ugonjwa wa sukari insulini imekosekana au haifanyi kazi vema. Sukari inabaki katika damu, inazidi, kisha inamwagika katika mkojo. Sukari hiyo inavuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana mgonjwa anakojoa sana, hata usiku mara nne au tano. Ndiyo maana ana kiu isiyokatika. Na kwa kuwa mwili haupati nguvu kutoka katika sukari, unaanza kula mafuta yake wenyewe na nyama yake wenyewe. Mgonjwa anakunywa maji mengi, tena anapungua. Anayemwangalia kwa mbali atasema: maji yanamfaa. Kumbe mambo hayo mawili yametoka katika ugonjwa mmoja.

Basi, mtu akija kwako amepungua bila kujipunguzia chakula, usimsifu, umwulize kwanza. Je, kiu yako imezidi? Je, unaamka usiku kukojoa? Je, macho yanaona ukungu? Je, sisimizi wanakusanyika mahali unapokojoa? Je, kidonda chako kinakawia kupona? Jibu likiwa ndiyo, hata kwa swali moja, apelekwe apimwe damu siku ile ile. Tone moja la damu ya kidole latosha, na jibu linatoka mara moja.

Tusisahau pia kifua kikuu, ambacho ni kingi katika miji ya migodi. Mwenye kukohoa majuma mawili na zaidi, akitoka jasho usiku na kupungua, apimwe. Na mwenye UKIMWI apate dawa mapema.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu kwetu kuna njia mbili za kupotea. Zamani, mtu akipungua watu walisema amelogwa, wakamtafuta mchawi. Leo, mtu mnene akipungua tunasema amebarikiwa. Mchawi au baraka, mgonjwa anabaki bila kupimwa.

IV. Maji ya namna gani?

Anayesema «kunywa maji mengi» huko Ulaya anafikiri maji ya robine yaliyosafishwa. Hapa Kolwezi kabla ya kuuliza lita ngapi, tuulize: yanatoka wapi?

Mji wetu ulizaliwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya mukuba. Katika kambi za wafanyakazi kampuni ilipeleka maji kwa mifereji, na wazee wanakumbuka robine zile. Mji umekua sana tangu wakati ule. Mitaa mingi inaishi kwa visima vilivyochimbwa kwa mkono, mara nyingi karibu na choo cha jirani, na robine nyingine zinatoa maji saa chache tu. Hatari basi ni mbili, na hazifanani.

Hatari ya kwanza ni wadudu wadogo wasioonekana: kipindupindu, tifoidi, kuhara damu. Hao wanauawa. Chemsha maji mpaka yatokote vema kwa dakika moja. Kwa kimo cha mji wetu yatosha. Makala yakikosekana, tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Kama hakuna dawa, jaza maji meupe katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyopita lita mbili, uilaze juani kwa saa sita. Mawingu yakiwa mengi, siku mbili. Maji ya matope yachujwe kwanza kwa kitambaa.

Hatari ya pili ni metali: mukuba ukizidi, kobalti, risasi, urani. Tangu mwaka 1952 mchanga wa mawe yaliyosagwa katika kiwanda cha kusafishia madini ulitupwa upande wa Kingamyambo na katika bonde la mto Musonoi. Mwaka 2014 watu walianza kuchimba kobalti ndani ya parseli zao katika mtaa wa Kasulo, chini ya nyumba wanamolala. Ripoti ya Amnesty International na Afrewatch ya Januari 2016 ilieleza habari za wanawake waoshao mawe ya madini katika ziwa Malo, karibu na Kapata. Na mwaka 2018 wataalamu wa Vyuo Vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza kwamba watu wa Kasulo, hasa watoto, walikuwa na kobalti nyingi katika damu na mkojo kuliko watu wa mtaa jirani usio na mgodi. Vumbi la nyumbani lilikuwa njia kubwa ya kuingia kwake.

Tufahamu vema neno hili: kuchemsha hakuondoi metali. Maji yakipungua katika sufuria, metali yabaki, na maji yanakuwa mazito zaidi. Klorini na jua hazifanyi kitu juu yake. Mukuba mwingi unaweza kujulikana kwa ladha chungu na alama za kijani kwenye kitambaa cheupe. Lakini risasi na urani havina ladha katika maji, wala macho hayavioni. Kwa hiyo kisima kilicho karibu na mgodi, au karibu na mahali pa kuoshea madini, kisitumiwe kwa kunywa mpaka kipimwe katika maabara. Chombo cha maji kifunikwe daima kwa sababu ya vumbi. Baba atokaye mgodini aoge na kubadili nguo kabla ya kushika kikombe cha mtoto.

Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji salama ni haki ya kila mtu. Basi padri na kamati ya parokia wanaweza, tena wanapaswa, kuandika kwa komini na kwa kampuni iliyo jirani, kuomba visima vipimwe na majibu yasomwe mbele ya watu. Hiyo si siasa. Nabii Elisha naye alilishughulikia lile shauri la maji mabaya ya Yeriko. Hakuwaambia watu wavumilie.

V. Maji na kufunga

Wengine wanafunga siku tatu bila chakula wala maji, na wanatumaini kupata muujiza, au kupunguza mwili, au yote mawili. Waambieni kwamba Eklezya haidai hivyo.

Zamani, ni kweli, aliyetaka kupokea Komunyo hakunywa hata tone tangu usiku wa manane. Tufikiri taabu ya mapadri waliotembea kutoka kijiji hata kijiji na kusoma Misa ya pili kabla ya adhuhuri, bila kulowesha ulimi. Papa Pio XII, kwa barua Christus Dominus ya tarehe 6 Januari 1953, alitangaza kwamba maji hayavunji tena kufunga huko. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliweka saa moja tu. Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983, katika kanuni ya 919, inarudia: kabla ya Komunyo tujizuie chakula na kinywaji kwa saa moja, isipokuwa maji na dawa. Wazee na wagonjwa hawafungwi na sheria hiyo. Vile vile kufunga kwa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kunakowapasa watu kuanzia miaka 18 mpaka wanapoingia mwaka wa 60, hakukatazi maji.

Mwenye ugonjwa wa sukari asifunge bila kumwuliza munganga, na mama mwenye mimba apewe ruhusa yake waziwazi, asione haya. Tena aliye na nia ya kupunguza unene asiseme kwamba anafunga kwa ajili ya Mungu. Kila nia iitwe kwa jina lake.

VI. Mashauri kwa kifupi

1. Kunywa maji safi kadiri ya kiu na kazi yako. Angalia rangi ya mkojo.
2. Unataka kupungua? Weka maji mahali pa pombe na sukre, kunywa glasi mbili kabla ya kula, punguza bukari, tembea kwa miguu.
3. Anayepungua bila kutaka, au mwenye kiu isiyokatika, apimwe leo.
4. Ua wadudu kwa kuchemsha. Metali itafutiwe kisima kingine.
5. Usiwape watu shauri la lita ngapi kabla ya kuuliza afya yao na kisima chao.

Katekista wangu yuko hai, namshukuru Mungu. Anapigwa insulini kila siku, na vidole viwili vya mguu vilikatwa kwa sababu ya kidonda. Hakunilaumu hata mara moja. Mimi ndiye niliyeomba radhi mbele ya wenzake wale wale waliopiga makofi. Sasa yeye mwenyewe, akiona mtu amebeba bidoni lake na mkanda umelegea, anamwita kando na kumwuliza yale maswali. Amekwisha kuwapeleka wanne kupimwa. Wawili walikuwa wagonjwa bila kujua.

Bwana wetu aliahidi kwamba hata kikombe kimoja cha maji kikitolewa kwa ajili yake hakitasahauliwa. Tuangalie tu kiwe cha maji safi, na tumwulize ndugu yetu kwa nini ana kiu.